Kwa nini magari ya kifahari ya mwanzoni yalikula matairi

Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce iliendesha gari lake moja, lililopakwa rangi ya fedha na kupewa jina la Silver Ghost, kwa umbali wa maili 15,000, yaani zaidi ya kilomita 24,000, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow huku wakaguzi wa klabu ya magari ya Uingereza wakiandika kila kilichotokea. Katika maili ya 629 koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko na gari likasimama. Kuanzia hapo, kwa maili 14,371 zilizobaki, halikusimama tena kwa hitilafu ya mashine. Lilipofunguliwa mwishoni, vipuri vilivyohitajika kulirudisha katika hali ya upya viligharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Kampuni iliitangaza hesabu hiyo kwa fahari, na ilikuwa na haki. Hata hivyo, vituo vilivyotokana na matairi havikuhesabiwa kuwa kusimama. Tairi halikuhesabiwa kuwa sehemu ya gari. Lilikuwa kitu cha kuliwa na safari, kama petroli.

Leo tungeona ajabu kwamba injini iliyoweza kwenda kilomita 24,000 bila kulalamika iliwekwa juu ya matairi ambayo mwenye gari hakutarajia yafike robo ya umbali huo. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba mpira wa zamani ulikuwa duni. Ni kweli ulikuwa duni, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu magari mepesi ya wakati uleule, yaliyovaa matairi yaliyotoka katika viwanda vilevile, hayakuteseka kwa kiasi hicho. Kuna jambo katika gari la kifahari lenyewe lililoua matairi yake, na ili kulielewa inabidi kwanza tuone tairi la mwaka 1907 lilikuwa limeundwaje ndani.

Ukilikata tairi la wakati ule kwa msumeno ungeona mkanda mnene wa mpira upande wa kukanyagia, na chini yake tabaka kadhaa za turubai la pamba lililopakwa mpira. Turubai hilo ndilo lililobeba kazi, kwa kuwa mpira peke yake hauwezi kuzuia upepo wenye nguvu. Ungevimba kama puto na kupasuka. Sasa, turubai ni kitambaa kilichofumwa kama kitambaa kingine chochote. Lina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio, kila uzi ukipita juu ya mwenzake na kisha chini ya mwingine, kama chane za ukili zinavyopishana. Katika tanga la jahazi au hema mpangilio huo hauna ubaya wowote. Katika tairi ulikuwa sumu ya polepole. Kila gurudumu lilipozunguka mara moja, sehemu iliyogusa ardhi ililazwa chini ya uzito na kuinuka tena, na katika kulala na kuinuka huko nyuzi zilizopishana zilisuguana mahali zilipokutana. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 88 huzunguka zaidi ya mara 350 katika kila kilomita. Kwa hiyo katika safari ya kilomita 100 uzi mmoja ulisuguliwa na jirani yake mara zaidi ya 35,000, kila upande ukimkata mwenzake kama msumeno usio na meno.

Msuguano huo ulizaa joto. Anayetaka kulithibitisha achukue kipande cha waya, akikunje na kukikunjua haraka mara kumi mahali pamoja, kisha akiguse penye mkunjo. Ataelewa kwa nini utingo wa lori, gari likisimama baada ya safari ndefu, huzunguka akiyapapasa na kuyagonga matairi kwa chuma kabla hajaenda kutafuta chai. Joto lililozaliwa katika turubai halikuwa na njia nyepesi ya kutoka, kwa sababu mpira haupitishi joto vizuri. Lilibaki mlemle, likaulainisha mpira uliounganisha tabaka, likaidhoofisha pamba, hata tabaka zikaanza kuachana. Kwa nje tairi lingeweza kuonekana zima kabisa, bado lina unene wa kutosha wa kukanyagia, na kumbe ndani limekwisha kufa. Halafu siku moja lingepasuka kwa kishindo kwenye barabara tambarare isiyokuwa na jiwe wala msumari. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wengi wanaosimulia habari za magari ya zamani hawalipi uzito unaostahili: tairi kubwa la zama zile lilikufa mara nyingi kwa kuchemka ndani kabla halijalika nje.

Hapo ndipo ufahari unapoingia. Joto ndani ya tairi huongezeka kwa mambo mawili, uzito linaobeba na kasi linayokwenda, na gari la kifahari lilikuwa na vyote viwili kwa pamoja. Ford ya Model T iliyotoka mwaka 1908 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 550. Rolls-Royce, kwa upande mwingine, iliuza chesi na injini tu. Mnunuzi aliipeleka chesi hiyo kwa mafundi wa kuunda mabodi, akachagua chumba cha mbao, vioo vizito, viti vya ngozi, mazulia, taa za shaba na mahali pa kuweka masanduku. Gari lililokamilika, likiwa na abiria wake, lingeweza kufikia tani 2 na zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikaa nyuma, kwa kuwa mwenye gari na familia yake walikaa karibu na ekseli ya nyuma na mizigo yao ikafungwa nyuma yao. Injini yenye nguvu ikauendesha mzigo huo kwa kasi ambayo gari jepesi halikuweza kuidumisha kutwa.

Dawa ya haraka iliyowajia watengenezaji ilikuwa kuongeza tabaka za turubai: tano zisipotosha, weka saba. Lakini ukuta wa tairi ulipokuwa mnene zaidi, kila mkunjo ulihusisha nyuzi nyingi zaidi zinazosuguana, na joto lilikuwa na safari ndefu zaidi ya kupita kabla halijafika hewani. Tairi lililoimarishwa kwa ajili ya gari zito lilichemka kuliko lile jembamba. Njia nyingine ilikuwa kujaza upepo mwingi ili tairi lisilale sana, na kweli matairi hayo yalijazwa upepo wa ratili 70 hadi 90 kwa inchi ya mraba, wakati gari dogo la leo linatosheka na 30 hivi. Upepo mwingi ulipunguza mkunjo, lakini ulilifanya tairi kuwa gumu, likapokea kila jiwe kama pigo la nyundo na kukatika nyuzi za ndani mahali lilipopigwa. Mtengenezaji aliponea mlango mmoja akakamatwa kwenye mwingine.

Upepo huo ulikuwa na kazi nyingine isiyokuwapo leo. Matairi mengi ya wakati ule hayakuwa na waya wa chuma kwenye kingo zake. Yalikuwa na ukingo mnene wa mpira mgumu ulioingia chini ya mdomo wa rimu uliopindwa kama ndoana, na kilichouzuia ukingo huo usichomoke kilikuwa msukumo wa upepo peke yake. Upepo ukipungua, tairi lilianza kutambaa polepole juu ya rimu, likaivuta tyubu na kuing'oa shingo ya valvu, au ukingo ulichomoka kwenye kona. Sasa mfikirie dereva aliyeajiriwa, anayetakiwa kulijaza tairi la aina hiyo kwa pampu ya mkono kando ya barabara, huku bwana na bibi wakimngoja ndani na kutazama saa. Ratili 50 za kwanza huja kwa urahisi. Baada ya hapo kila msukumo wa pampu ni mzito kuliko uliotangulia, na pampu yenyewe inaunguza mkono. Si vigumu kuelewa kwa nini matairi mengi yaliondoka na upepo pungufu, na upepo pungufu ulimaanisha mkunjo mkubwa, na mkunjo mkubwa ulimaanisha joto lile tulilokwisha kulitaja.

Matairi ya nyuma yaliteseka kuliko ya mbele, na sababu yake si uzito tu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, na hayohayo ndiyo yaliyolisimamisha, kwa sababu magari karibu yote ya miaka hiyo hayakuwa na breki mbele. Katika Silver Ghost za mwanzo pedali ya breki haikubana hata magurudumu yenyewe. Ilibana shafti iliyotoka kwenye gia, na nguvu yote ya kusimamisha ikapitia difu kwenda kwenye vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono. Gari linapofunga breki, uzito wake huelemea mbele, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalikuwa yakishika ardhi kwa nguvu pungufu wakati ambapo kazi yao ilikuwa kubwa zaidi. Yaliburuzwa, na mpira ukabaki barabarani. Rolls-Royce yenyewe iliweka breki za mbele mwaka 1924. Upande wa kuondoka, klachi za ngozi za baadhi ya magari ya wakati ule zilishika kwa ghafla, na dereva mwenye haraka angeweza kuyakwangua matairi ya nyuma kila alipoondoka mlangoni.

Turudi sasa kwenye mpira wenyewe, maana lawama yake si ya bure. Rangi ya matairi ya mwanzo ingemshangaza msomaji wa leo: yalikuwa meupe au ya kijivu hafifu, kwa sababu mpira ulichanganywa na unga mweupe wa oksaidi ya zinki. Uliivishwa kwa salfa na joto, kwa njia aliyoipatia hataza Charles Goodyear nchini Marekani mwaka 1844, na kuivisha huko kulichukua saa nyingi. Tairi jembamba la baiskeli liliiva sawasawa. Tairi nene la gari kubwa liliiva kama andazi lililotiwa kwenye mafuta makali mno, nje limeungua na ndani bado bichi: upande wa kukanyagia ulikuwa umepikwa hadi kupoteza uimara wake, na mpira wa katikati ya turubai haukushika vizuri. Mwaka 1906 mkemia George Oenslager, akifanya kazi katika kampuni ya Diamond mjini Akron, aligundua kemikali za kuharakisha uivaji, na tatizo hilo likaanza kupungua. Miaka miwili kabla yake, katika kiwanda cha Silvertown mashariki mwa London, ilionekana kwamba masizi laini yakichanganywa katika mpira huufanya ustahimili msuguano mara nyingi zaidi. Ugunduzi huo haukushika mara moja. Ni kuanzia karibu mwaka 1912 ndipo viwanda vya Marekani vilipoanza kuutumia kwa wingi katika matairi. Ndiyo asili ya weusi wa tairi tunaouona kuwa wa kawaida. Kwa miaka kadhaa masizi yaliwekwa upande wa kukanyagia tu na mbavu zikaachwa nyeupe, na kile kilichokuwa njia ya kubana matumizi baadaye kikaja kuwa pambo la magari ya matajiri.

Mpira huo ulitoka mbali, na ulifika ukiwa na sifa zisizotabirika. Kabla mashamba ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na Ceylon (Sri Lanka ya leo) hayajakomaa, viwanda vilitegemea utomvu wa miti ya porini ya Amazon na wa mitambaazi ya misitu ya Afrika, ikiwemo ile ya Kongo iliyovunwa kwa mateso yaliyofichuliwa katika ripoti ya konsuli wa Uingereza, Roger Casement, ya mwaka 1904. Pwani yetu nayo ilikuwa na mtambaazi wake, ambao watu waliuita mpira muda mrefu kabla neno hilo halijahamia kwenye tairi na uwanja wa kandanda, na nyuma ya Tanga Wajerumani walipanda mashamba ya mpira yaliyokuja kuanguka mwaka 1913 bei ilipoporomoka. Utomvu wa porini ulifika kiwandani ukiwa na mchanga, magome na maji, na mzigo mmoja haukufanana na mwingine. Mnunuzi wa gari ghali hakuwa na njia ya kujua tairi lake limetoka katika mzigo upi. Mwaka 1910 ratili moja ya mpira bora iliuzwa London kwa zaidi ya shilingi 12, kwa hiyo kosa dogo la mchanganyiko liligeuka kuwa hasara kubwa mfukoni mwake.

Kisha kulikuwa na barabara. Barabara nzuri za Uingereza na Ufaransa zilikuwa za mawe yaliyovunjwavunjwa, yakashindiliwa na kushikanishwa kwa vumbi lake mwenyewe na maji. Zilifaa kwa gari la farasi, ambalo kwato na magurudumu yake ya chuma yaliendelea kuyasaga mawe na kuzalisha vumbi la kushikilia. Gurudumu la mpira linalosukuma kwa nguvu lilifanya kinyume: lilifyonza vumbi na kulirusha nyuma, mawe yakabaki wazi na ncha zao juu, tayari kumkata aliyeyafichua. Na farasi walidondosha misumari ya kwato zao kila mahali. Kila mkato uliofika kwenye turubai uliruhusu maji kuingia, na pamba iliyolowa ndani ya tairi la moto ilioza. Mafuta nayo, yaliyodondoka bila kukoma kutoka kwenye injini na ekseli za wakati ule, yaliulainisha mpira wa tairi lililoegeshwa usiku kucha juu ya sakafu yenye madimbwi yake. Matairi ya kwanza, tena, yalikuwa laini bila kashata, yakateleza vibaya kwenye tope. Mwaka 1905 Michelin walileta tairi lenye mkanda wa ngozi uliopigiliwa vichwa vya chuma, ambalo lilishika vizuri zaidi lakini lilipata moto na kulika upesi gari likienda kasi. Mwenye gari kubwa alilazimika kuchagua kati ya kuteleza na kulipa.

Mkutano wa mambo haya yote ulionekana wazi katika mbio za Grand Prix zilizofanyika karibu na Le Mans mwezi Juni mwaka 1906. Yalikuwa magari ya mashindano, si ya starehe, lakini uzito, nguvu na matairi vilikuwa vya aina ileile. Jua lilikuwa kali, lami iliyomwagwa kuzuia vumbi ikayeyuka na kuwarukia madereva machoni, na barabara ikafumuka. Kanuni ziliruhusu dereva na fundi wake tu kuligusa gari. Kubadilisha tairi kwa njia ya kawaida kulimaanisha kulikata tairi la zamani kwa kisu, kulichomoa, kupachika jipya na kulijaza upepo, kazi iliyochukua takriban robo saa. Ferenc Szisz wa Renault alikuwa na rimu za Michelin zinazofunguliwa: nati nane zikilegezwa, rimu ilitoka na tairi lake, na nyingine yenye tairi lililokwisha jazwa ikawekwa chini ya dakika 4. Alishinda akiwa mbele ya Fiat ya Felice Nazzaro kwa zaidi ya nusu saa, katika mashindano ya kilomita zaidi ya 1,200. Rimu hizo hazikulifanya tairi lidumu hata kilomita moja zaidi. Zilikubali tu kwamba litakufa, na zikafupisha mazishi.

Majumbani, gharama ya matairi ilikuwa mada ya manung'uniko. Baadhi ya madereva waliajiriwa na mabwana wasiojua lolote kuhusu gari, na ilikuwa kawaida iliyojulikana kwa wauzaji na magereji kumpa dereva kamisheni kwa kila tairi lililonunuliwa. Dereva kama huyo hakuwa na sababu kubwa ya kuhangaika na pampu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1910, dhamana ya kawaida ya tairi la turubai ilikuwa maili 3,500, yaani kama kilomita 5,600, na mnunuzi hakuliona hilo kuwa kashfa.

Kilicholikomboa tairi hakikuwa kitu kimoja. Masizi yaliuponya upande wa nje. Upande wa ndani uliponywa na wazo ambalo John Palmer wa Marekani alikuwa amelitumia kwa baiskeli tangu miaka ya 1890: kuacha kabisa kufuma. Nyuzi zilipangwa zikiwa zimelala sambamba, kila mmoja umezungukwa na mpira wake, tabaka moja ikielekea kulia na inayofuata kushoto, bila uzi wowote kuupanda mwenzake. Msumeno ule wa mtande na mshindio ukatoweka, na joto likapungua sana. Aina hiyo ilipoenea katika magari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, kuta za tairi ziliweza kuwa laini bila kujiua, na kwa sababu hiyo mwaka 1923 Michelin na Firestone waliweza kuleta matairi manene yanayotumia upepo mdogo, yaliyokumbatia jiwe badala ya kupigana nalo. Kingo zikapata waya wa chuma, breki zikahamia pia mbele, na barabara zikatiwa lami.

Silver Ghost kadhaa bado zinatembea. Wenye nazo hununua matairi mapya yanayotengenezwa kwa umbo lilelile la zamani, yenye ukingo wa kuingia chini ya ndoana ya rimu, isipokuwa mpira wake ni mweusi kwa masizi. Gari ni lile, uzito ni ule, na mengi yaliyoyaua matairi ya kale yamekwisha kuondolewa na wakemia. Lakini kabla ya kila safari mtu hupiga magoti na kipimo kando ya gurudumu, kwa sababu ukingo usio na waya bado hushikwa na upepo peke yake, na upepo ukipungua tairi litachomoka leo kama lilivyochomoka mwaka 1907.